Gia Ndogo, Mvua Kubwa

Kule Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, mvua ya masika hutanguliwa na ukungu. Kwanza vilele vinamezwa. Kisha mashamba ya kabichi yaliyokatwa ngazi kwa ngazi kwenye mteremko, kisha mapaa ya nyumba, na mwisho humwoni hata jirani anayekuita kutoka ng'ambo ya barabara, unamsikia tu. Ndipo mvua inashuka, nzito, na njia iliyokuwa ya udongo mwekundu asubuhi inageuka uji.

Alasiri moja ya Aprili ukungu huo ulinikuta gulioni Nyandira nikisubiri usafiri wa kushuka Morogoro. Pikipiki zilikuwa zimeondoka mapema au zimejibanza chini ya vibaraza. Basi dogo tulilokuwa tukilisubiri lilikuwa limeishia chini, na habari zilitufikia kwa simu kwamba halitapanda. Iliyobaki ilikuwa Landrova moja, mia na tisa, yenye umri mkubwa kuliko dereva wake, bodi ina mabaka ya rangi tatu na mlango wa kushoto umefungwa kwa mpira wa tyubu. Vijana walikuwa wakipakia karoti, njegere na viazi, na magunia yalipokwisha wakaanza kupakia watu.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimsogelea dereva. "Mjomba, tutafika leo?"

Dereva alikuwa amechuchumaa akikagua tairi. Hakuinua kichwa. "Kufika tutafika, dada. Saa ndiyo sikuahidi."

Yule mama akapanda bila kuuliza swali la pili, nami nikapanda nyuma yake. Nimekaa na jibu lile miaka mingi. Kila nikiona tangazo la gari jipya linalosifiwa kwa viti vya ngozi na spika kumi na kitu, namkumbuka dereva yule na tairi yake, kwa sababu alichotuuzia kwa nauli ya siku ile sijakiona kikitajwa kwenye tangazo lolote.

Mtu aliyezoea kiyoyozi angeingia mle ndani na kutoka mlango wa pili. Mabenchi mawili yamepangwa ubavuni, abiria wanatazamana magoti kwa magoti, na katikati yao magunia. Maji yanapenya kwenye maungio ya paa na kuchagua mtu wa kumdondokea. Siku ile yalinichagua mimi, bega la kulia, kuanzia Nyandira mpaka tambarare. Vioo vinajaa mvuke wa pumzi za watu kumi na watatu, na kijana aliyeketi mbele ana kazi moja tu, kumfutia dereva kioo kwa kitambaa. Vaipa zinakwenda polepole kama mzee anayepunga nzi. Dizeli inanuka, njegere mbichi zinanuka, nguo zilizolowa zinanuka.

Lakini baada ya nusu saa hivi niliangalia nyuso za wenzangu nikaona jambo. Hakuna aliyekuwa akitazama nje. Mzee mmoja alikuwa amesinzia na kofia yake magotini. Wasichana wawili walikuwa wakibishana kuhusu bei ya viazi. Nje kulikuwa na bonde ambalo lingetosha kumeza gari kama letu kumi, njia ilikuwa inateleza kama sabuni, na mle ndani watu walikuwa wametulia kama wako sebuleni.

Kiswahili kinatofautisha starehe na utulivu. Starehe hukaa kitini. Utulivu hukaa moyoni, na unaweza kuwa nao umekalia gunia la viazi huku maji yanakuingia shingoni. Siku za kiangazi vitu hivi viwili vinafanana kiasi kwamba watu huvichanganya, na muuza magari hunufaika na mchanganyiko huo. Mvua ikinyesha vinaachana. Nimewahi kukaa kwenye kiti laini sana, muziki wa chini, kiyoyozi kimepimwa sawasawa, ndani ya gari zuri la mjini lililokuwa limeanza kuserereka kwenye mteremko mfupi usiofika mita 50, na moyo wangu ulikuwa unapiga kama ngoma ya mdundiko. Starehe yote ile haikunifaa kitu.

Tulipoanza kushuka, dereva alisimama kabisa. Mbele ya goti lake, pembeni ya gia ya kawaida, kulikuwa na vyuma viwili vifupi: kimoja kina kirungu cha manjano, kingine chekundu. Wanaozijua Landrova za zamani wanavijua virungu hivi kama mtu anavyojua mlango wa kwao. Cha manjano ukikibonyeza chini, magurudumu ya mbele yanaingia kazini na gari linavuta kwa miguu yote minne. Chekundu ukikivuta nyuma unaingia gia ndogo: sanduku la pili la gia linapunguza kasi ya magurudumu na kuzidisha nguvu yake, hivyo injini inakimbia huku gari linatambaa. Dereva alivuta chekundu, akaweka namba moja, akaachia klachi taratibu, kisha akafanya kitu ambacho mgeni hukiogopa. Aliondoa miguu yote kwenye pedeli na kuiweka sakafuni.

Gari likashuka lenyewe. Injini ililizuia. Lilikuwa likinguruma kwa ile sauti nyembamba ya meno ya gia yanayosagana, sauti ambayo fundi wa magari ya kisasa angesema ni ugonjwa, na lilikwenda kwa mwendo ambao mtoto angeweza kuufuata kwa miguu. Akanieleza baadaye kwamba kwenye tope la mteremko breki ni adui wa kwanza. Ukikanyaga, magurudumu yanafunga, na gurudumu lililofunga halina tofauti na mbao iliyopakwa mafuta: litateleza kokote mlima unakotaka. Gurudumu linalozunguka, hata kama ni kwa kutambaa, bado linashika na bado linausikiliza usukani.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mwenye gari la namna hii alijue kabla hajaondoka dukani. Kuvuta kwa magurudumu manne hukusaidia kuondoka na kupanda. Kusimama ni habari nyingine. Gari dogo la kawaida nalo lina breki kwenye magurudumu yote manne, kwa hiyo mbele ya ng'ombe aliyejitokeza ghafla barabarani kwenye mvua, Landrova haina upendeleo wowote. Tena ni nzito zaidi, na uzito hauna haraka ya kusimama. Wapo wanaopinduka na magari haya, tena si kwenye tope. Wanapinduka kwenye lami iliyolowa, kwa mwendo, wakidhani ule utulivu wa milimani wamekuja nao hadi barabara kuu.

Tope lenyewe nalo lina tabia zake, na madereva wa nchi hii ni wanasayansi wake bila vyeti. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Shinyanga na wa bonde la Rukwa, ni mfinyanzi unaokunywa maji na kuvimba. Unaganda kwenye tairi, unajaza mifereji yote ya kashata, na baada ya mizunguko michache tairi yenye meno inakuwa kipara. Humo unahitaji mwendo usiokatika. Ukisimama kujiuliza, umeshazama hadi kwenye ekseli. Udongo mwekundu wa milimani ni mwingine. Juu unateleza, lakini chini ya ule utelezi mara nyingi pana ardhi ngumu, kwa hiyo unataka tairi nyembamba ikate ifike chini, na mguu usiokuwa na papara. Wengine hupunguza upepo kwenye tairi ili zitandazike, hasa kwenye mchanga. Wengine hufunga minyororo. Dereva wetu alikuwa na chepe, panga la kukatia matawi, kamba ya mkonge na mbao mbili, na siku ile hakugusa hata kimoja.

Gari hili lilizaliwa na shida, nadhani ndiyo maana linaelewana na shida. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza haikuwa na fedha wala chuma cha kutosha. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na huko alitumia gari kuukuu la jeshi la Marekani. Lilipoelekea kumwishia akaona hakuna kitu cha kulirithi. Yeye na nduguye Spencer wakaamua kulitengeneza wenyewe. Kwa kuwa chuma cha bodi kiligawiwa kwa kipimo, wakatumia aluminiamu, na rangi za kwanza zilikuwa za kijani, masalio ya jeshi. Landrova ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Walidhani wanatengeneza chombo cha mkulima cha kuvushia miaka michache ya dhiki.

Ile aluminiamu ya dharura ndiyo inayotufaa leo. Bodi haili kutu kama bati la kawaida, kwa hiyo gari la miaka 50 linaweza kunyeshewa masika hadi masika na bado lina mbavu. Kutu hushambulia chesisi, iliyo ya chuma, na ndiyo maana dereva makini hulala chini ya gari na ndoo ya maji baada ya kila safari, akitoa tope lililojificha kwenye pembe. Atakuambia kuosha juu ni kwa ajili ya majirani.

Japani nako, mwaka 1951, dereva wa majaribio wa Toyota, Ichiro Taira, alipanda na gari la aina ya BJ hadi kituo cha sita cha mlima Fuji. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Leo kuanzia Namanga hadi Tunduma anayetawala ni huyu, hasa lile la safu ya 70 lililoanza mwaka 1984, ambalo sisi Tanzania tumelipa jina la mkonga kwa lile bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo. Katika mengi ya magari haya ya mkonga kuna injini ya 1HZ, mitungi sita, lita 4.2, isiyohitaji kompyuta kuwaka. Linapolala porini kwenye mvua, fundi wa spana anaweza kuliamsha. Lina hasara moja ambayo kila dereva wa gari la wagonjwa anaijua: mengi ya yale ya zamani, kabla ya kuvuta kwa mbele, humlazimu mtu ashuke azungushe vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele, huku mvua inampiga mgongoni na tope limemfika kwenye vifundo. Mwenye busara hufunga mapema, lami inapoishia, kabla hata wingu halijaonekana.

Sauti ile ya gia ndogo mimi niliijua kabla ya kuijua Mgeta. Kwetu ni Usambara, na masika ya mwaka 1998, zikiwa bado zimetuelemea mvua za El Niño zilizokuwa zimeanza mwishoni mwa mwaka uliotangulia, mama alishikwa na uchungu usiku. Ujauzito haujatimiza siku zake. Baba alishuka kwa miguu na kurunzi hadi kwenye nyumba ya watawa, akarudi amekaa mbele kwenye Landrova, na sisi watoto tuliisikia kabla ya kuona taa. Ilipanda kona ya kwanza, ikapotea, ikapanda ya pili. Mvumo mwembamba, usiobadilika, hauna haraka wala hausimami. Shangazi aliyekuwa amemshika mama mkono alisema, "Sikia, wifi. Wanakuja." Mama alikuwa analia tangu saa mbili. Akanyamaza akasikiliza.

Walimbeba kwa godoro, wakamlaza katikati ya mabenchi, shangazi akapiga magoti kando yake. Nilikuwa na miaka 11, nikasimama kwenye kibaraza nikiwa na taa ya chemli, nikausikiliza ule mvumo ukishuka kona moja baada ya nyingine hadi ukachanganyika na sauti ya mvua. Baba alituambia tulale. Nililala. Siku hizi najiuliza niliwezaje, na jibu ninalolipata ni kwamba masikio yangu ya utoto yalikuwa yameamini lile gari. Mdogo wangu alizaliwa alfajiri, mdogo kama sungura, na leo ni mwalimu.

Kwa hiyo naomba nisieleweke vibaya nikisema habari za raha. Kuna wanaoyanunua magari haya kwa fahari, na fahari si dhambi. Lakini huku kwetu mvua haijawahi kuwa mandhari ya kutazama kupitia kioo. Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliikumba Katesh, chini ya mlima Hanang. Mei 2024 mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini kule Kilwa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatenganishwa na Dar es Salaam. Katika siku kama hizo gari linalopita ni dawa, ni unga, ni mkunga. Anayelimiliki na akampita mtu aliyekwama kwenye mvua, na yeye ana kamba nyuma ya kiti, mimi sijui anafurahia nini mle ndani.

Najua yapo yanayosemwa kwamba dereva ni zaidi ya gari, na historia inawaunga mkono wanaosema hivyo. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953, kwa miaka mingi zilikuwa zikifanyika wakati wa Pasaka, katikati ya mvua ndefu, kwenye barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968, saba tena. Yalikuwa Peugeot, Ford na wenzao, magari ya kawaida yenye kusukumwa na magurudumu mawili. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, bila kuvuta kwa mbele. Gari la kwanza la magurudumu manne kushinda lilikuwa Audi ya Hannu Mikkola, mwaka 1987. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 30 tope la Afrika Mashariki lilishindwa na watu waliojua kulisoma. Nalikubali hilo kabisa. Ila Singh hakuwa na mama mwenye uchungu kwenye kiti cha nyuma, wala gunia la karoti, na akikwama alikuwa na watu wa kumsukuma. Sisi wengine tunahitaji mashine itakayosamehe kosa moja au mawili.

Na hapo ndipo hatari inapojificha. Mashine inayosamehe sana humfanya mtu asahau kwamba yapo makosa yasiyosameheka, na kubwa kuliko yote ni maji yanayokwenda. Kina cha sentimita 30 cha maji ya kasi kinatosha kuinua gari dogo. Sentimita 60 zinachukua magari mengi, hata makubwa, hata haya tunayoyasifu. Mkonga hausaidii kitu hapo. Kazi ya mkonga ni kuizuia injini isivute maji, maana maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye mitungi, konrodi inapinda na safari imeisha. Injini inaweza kuendelea kupumua vizuri kabisa wakati gari zima linaelea kuelekea baharini.

Landrova Defender ya zamani ilipimwa na waundaji wake ivuke maji ya sentimita 50. Ile mpya, iliyokuja baada ya ya zamani kusimamishwa Solihull tarehe 29 Januari 2016, inafika sentimita 90, na ina kompyuta inayochagua yenyewe namna ya kugawa nguvu kwenye tope, mchanga au mawe. Nimeiendesha siku moja ya mvua. Ni gari la ajabu: kimya, joto, linashuka mteremko kwa kubonyeza kitufe. Sina neno baya juu yake. Jambo moja tu lilinisumbua: sikuisikia njia. Katika zile za zamani usukani unakuambia kila kitu, tairi ya kushoto imepanda jiwe, ya kulia imepata utelezi, na mikono yako inajibu kabla kichwa hakijaelewa. Ukiondolewa mazungumzo hayo umepata starehe zaidi, na ujuzi wa kujua lini urudi nyuma umepungua.

Oktoba 2024 mamia ya Landrova zilikusanyika Arusha kwenye tamasha lao, kutoka pembe zote za nchi na nje yake. Zilipakwa nta, zikang'aa. Nilipoziona kwenye picha nilizitafuta zile zenye mabaka, zikiwapo, nikiitafuta moja hasa, japokuwa najua kwamba mwenye nayo asingeacha viazi vya watu vioze Nyandira akaenda kupiga picha.

Nirudi kwa dereva yule, maana safari yetu ile hatukuimaliza kwa kutambaa tu. Karibu na chini, milima inapoanza kulegea kuelekea Mlali, kuna korongo ambalo siku nyingine unalivuka na viatu vyako vikavu. Tulilisikia kwanza. Dereva alisimamisha gari mbali, pahali pa juu, akashuka na fimbo. Abiria wawili wanaume tukamfuata. Maji yalikuwa mekundu, yamevimba katikati, na yalikuwa yakipita na shina zima la mgomba, mizizi juu, kwa mwendo wa mtu anayekimbia.

Jamaa niliyeshuka naye alikuwa na haraka. "Kaka, si una four? Piga tu, hapo padogo."

Dereva hakumjibu. Aliokota jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, akaliweka ukingoni, nusu ndani ya maji nusu nje. Akalitazama kwa dakika kama mbili. Maji yalilifunika. "Bado yanapanda," akasema, akageuka.

Nilidhani ndani kutakuwa na manung'uniko. Saa ilikuwa inakaribia moja jioni, watu walikuwa na soko la alfajiri, njegere hazikai. Dereva alizima injini. Kwa mara ya kwanza tangu alasiri tukaisikia mvua peke yake juu ya ile aluminiamu, kwa kishindo kikubwa mwanzoni, halafu masikio yakaizoea. "Wazee wangu, mama zangu," akasema kwa sauti ya kutosha kufika nyuma, "tunakaa hapa kidogo." Mtu akauliza kidogo kiasi gani. "Mpaka jiwe langu lirudi."

Hakuna aliyesema neno zaidi. Yule mama alimgeuza mtoto mbele akamnyonyesha. Mmoja wa wale wasichana akafungua mfuko wa matunda damu, akayapitisha kwa kila mtu, na mzee mwenye kofia akakata lake kwa kisu cha mfukoni na kumpa nusu jirani yake asiyemfahamu. Tuliyala gizani. Mtu alianza kusimulia jinsi kaka yake alivyooa mara mbili ukoo uleule, hadithi ndefu, na katikati yake nikajikuta nimeegemeza kichwa kwenye gunia la njegere. Lile tone liliendelea kunidondokea begani, na sikulisogelea wala kulikimbia.

Nilizinduliwa na mlango kufunguliwa. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Dereva alikuwa amekwenda na kurunzi na sasa anarudi, suruali imelowa hadi magotini maana alikuwa ameingia korongoni kwa miguu yake kwanza, na fimbo. Akaketi, akajifuta mikono kwa kile kitambaa cha kioo.

"Limerudi?" aliuliza yule mama.

"Limerudi, dada."

Akawasha injini, akavuta kirungu chekundu, na ule mvumo mwembamba ukaanza.